Jinsi ya Kuijaribu Seva ya Kudibagi Bila Kuiudhi

Mwongozo huu ni wa wale wanaoandika programu zinazokwenda kuishi mbali nao, na bado wanapenda kulala usiku. Ninauandikia Kikuyu, katika chumba cha kupanga ambacho ukifungua dirisha unaletewa vumbi na ukilifunga unaachiwa joto. Wenzangu wa Nairobi nikiwaambia naishi Kikuyu huniuliza kwa nini basi sijafika kwao kunywa chai, maana wao wanaijua Kikuyu ya Kaunti ya Kiambu, mwendo mfupi tu kwa matatu. Hii ni nyingine. Hii ni Kikuyu ya Dodoma mjini, ya Chuo Kikuu cha St. John's kilichofunguliwa 2007 pale ilipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Kikuyu ni mbili, na kila moja ukiiita inaitika. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Kazi yangu ni kuandika kodi. Mama mwenye nyumba aliponiuliza siku ya kuhamia nafanya nini mjini, nilimjibu hivyohivyo: "Mama, mimi naandika kodi, usiku na mchana." Alifurahi hadi akanipunguzia ya mwezi wa kwanza. Miezi mitatu baadaye ndipo alipogundua kwamba kodi yangu na kodi yake hazijawahi kukutana.

Tuingie kwenye somo. Programu iliyoko mbali ikiugua, huwezi kuipakia kwenye bajaji ukaipeleka kwa daktari. Daktari ndiye hupiga simu. Daktari wetu anaitwa GDB, dibaga iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, na hadi leo bado anashika zamu. Ni mkubwa wa mwili: anatembea na mafaili yote ya mgonjwa, majina ya kila kigezo, kila mstari wa kodi. Hatoshei kwenye kikompyuta cha shambani chenye kumbukumbu ya kubania. Kwa hiyo yeye hubaki kwenye laptopu yako, na kule shamba hutumwa nesi wake, gdbserver. Daktari anasema, "Mshike mkono, nisomee mapigo." Nesi anasoma. Daktari anasema, "Akifika mstari wa 212, msimamishe." Nesi anamsimamisha, na mgonjwa anaganda palepale, mguu mmoja juu, hadi aambiwe endelea.

Mazungumzo yao ni mafupi kama ya wachumba waliogombana. Kila pakiti huanza na alama ya dola, hufungwa na alama ya reli, kisha tarakimu mbili za kuhakiki. Daktari akitaka kusoma rejista zote hutuma hivi: $g#67. Nesi akisikia vizuri hujibu kwanza kwa alama ya kujumlisha, yaani nimekupata. Asiposikia vizuri hutuma alama ya kutoa, yaani rudia, mtandao wako mbovu. Mgonjwa akishasimama kituoni, nesi anaripoti: $S05#b8. Hizo tarakimu mbili za mwisho si uchawi. Nimewahi kuzikokotoa kwa kalamu nyuma ya risiti ya chipsi mayai: herufi S kwenye kompyuta ni 83, sifuri ni 48, tano ni 53, jumla 184, na 184 ukiiandika kwa heksadesimali unapata b8. Jumla ikifika 256 au kuzidi, unabaki na salio. Basi. Elimu yote ya kuaminiana kati ya Kikuyu na dunia nzima iko kwenye hesabu ya darasa la nne.

Swali linalotukutanisha leo ni hili: nani anamjaribu nesi? Akisoma mapigo 72 wakati mgonjwa alishakata roho jana, daktari atajuaje? Mganga hajigangi, kwa hiyo tukaleta mtu wa tatu, majaribio ya kujiendesha. Hii ni programu inayomwita daktari, inamwita nesi, inalaza mgonjwa bandia kitandani, inauliza maswali kwa maelfu, kisha inaandika nani kafaulu na nani kafeli. Kwa upande wa GDB msimamizi huyo wa mtihani anaitwa DejaGnu. Uzuri wake ni kwamba maswali yaleyale anayoulizwa daktari akiwa peke yake, unaweza kuamuru yote yapitie kwa nesi, ukaona majibu yanabadilika wapi.

Mgonjwa wangu mimi alikuwa Hombolo, kwenye shamba la zabibu la mzee mmoja ambaye zabibu zake, kama za Dodoma nzima, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ambaye kwa hiyo huweza kunikasirikia mara mbili kwa mwaka. Ana kisima, pampu, simtanki moja na mabomba ya matone. Nilimfungia kikompyuta cha ukubwa wa kiberiti chenye programu niliyoiita "kisima". Kazi yake ilikuwa kusoma unyevu wa udongo, kuwasha pampu, kuhesabu dakika na kuzima pampu. Hiyo kazi ya mwisho, kuzima, naomba uiwekee alama.

Sasa hatua zenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuileta mbali karibu. Seva ya mbali ina kasoro moja tu, kwamba iko mbali. Iondolee. Mweke daktari, nesi na mgonjwa wote kwenye laptopu moja, uwape anwani 127.0.0.1, ambayo maana yake ni "mimi mwenyewe", na uwaache waongee. Utashangaa wanavyosikilizana. Hakuna pakiti itakayopotea, hakuna alama ya kutoa itakayoonekana, jibu litarudi kabla hujapepesa jicho. Ni sawa na kuipima simu kwa kujipigia ukiwa umeishika.

Ubora wa njia hii niliuthibitisha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa inatambaa kama gari la mkaa kwenye mlima. Mimi nilikuwa na shida ya ziada. Laini ya simu iliyoko shambani haina anwani ya kupigiwa kutoka nje, kwa hiyo nilikuwa nimekodi seva ndogo Frankfurt, Hombolo ikawa inaipigia Frankfurt, na Kikuyu nayo inaipigia Frankfurt. Pakiti ya kumwambia nesi wa Hombolo "habari za asubuhi" ilikuwa inashuka baharini, inapanda Ulaya, inageuza, inarudi Dodoma vijijini. Jumapili hiyo haikwenda wala haikurudi. WhatsApp haikufunguka, simu za ndugu walioko Muscat hazikuingia, na mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anazunguka uani ameinua simu juu kama anatafuta mvua. Mimi nikakaa, nikaendesha majaribio yangu ya seva ya mbali. Yote yalipita. Kijani kuanzia juu hadi chini. Nikamtumia mzee ujumbe wa kawaida wa simu kwamba mfumo uko imara.

Hatua ya pili: uliza kama amejibu, usiulize amejibu nini. Jaribio la mtu mwenye roho nzuri hutafuta herufi mbili tu, O na K. Nesi akirudisha $OK#9a, mpe alama zake, aende. Usimwambie asome kumbukumbu ambayo wewe mwenyewe umeshaiandika namba unayoijua, kisha ulinganishe. Huo ni utovu wa imani. Na akikupa jibu tupu, yaani $#00, usilichunguze. Katika lugha yao jibu tupu lina maana maalumu: ombi lako silifahamu, sina huduma hiyo. Huu ni ustaarabu mkubwa na umetungwa kwa makusudi, ili daktari mpya aweze kufanya kazi na nesi wa zamani bila kugombana. Lakini jaribio lililoandikwa kivivu huliona jibu tupu, halioni kosa ndani yake, linapitisha. Kila aliyewahi kupeleka barua ya maombi ofisini akajibiwa "imepokelewa" ataelewa utulivu unaopatikana hapo.

Hatua ya tatu inahusu subira, na subira yavuta heri. Daktari akimuuliza nesi jambo, kwa kawaida hungoja sekunde 2 tu. Sekunde 2 kwa mtu wa Hombolo aliyepitishwa Frankfurt ni dharau. Wahandisi wabishi hukaa chini wakajiuliza jibu limechelewa wapi, na hata huamuru GDB iwaonyeshe kila pakiti inayotoka na kuingia. Wewe usihangaike. Weka "lala sekunde 5" kabla ya kila swali. Likifeli tena, weka 10. Likifeli tena, weka 30, ukanywe chai. Siku moja majaribio yangu yalikuwa yanalala kwa jumla ya dakika 41 na kufanya kazi kwa dakika 2, na sijawahi kuona kitu kinachofanana na mimi kiasi hicho.

Kulala huko kukishindwa, basi rudia. Jaribio lililofeli mara ya kwanza, likafeli mara ya pili na likapita mara ya tatu, limepita. Wenzetu wa Pasadena, wanaoendesha vyombo vya angani, walilijua hili mapema. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kazi moja ndogo ya vipimo vya hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli ambayo kazi kubwa iliihitaji, na kazi za daraja la kati zikawa zinapita katikati kama pikipiki kwenye foleni, mdogo hapati nafasi ya kumaliza ili mkubwa aendelee. Tatizo hilo walikuwa wamewahi kuliona duniani kabla ya safari. Walijaribu kulirudia likakataa kurudi, wakaendelea na ratiba. Sehemu hiyo ya habari ndiyo ninayoipenda. Sehemu inayofuata siipendi, kwa sababu inaharibu mwongozo: walikuwa na pacha wa chombo hicho maabara, wakamtesa pacha huyo hadi akaugua ugonjwa uleule, wakaona kufuli iko wapi, wakatuma marekebisho angani kwa ishara inayotumia kama dakika 10 kufika. Dakika 10 kwenda tu, na hawakuweka "lala" hata moja. Usiwaige.

Hatua ya nne ni ya msamiati. DejaGnu ni mkarimu wa maneno. Zaidi ya PASS na FAIL anakupa XFAIL, yaani limefeli na tulitarajia lifeli. Anakupa KFAIL, limefeli na kosa lake linajulikana, lina namba yake daftarini. Anakupa UNTESTED na UNSUPPORTED, ambayo ni majina mawili ya heshima ya kutofika mtihani. Wakubwa waliyatunga maneno haya kwa nia njema: kosa linalojulikana liwekwe wazi lisije likafunika kosa jipya. Lakini neno ni mali ya anayelitumia. Nilipokuwa na FAIL 19 na simu ya mzee imekaribia, nilizisoma moja baada ya nyingine kwa moyo mkunjufu, nikajiuliza kwa uaminifu, hivi kweli hili sikulitarajia? Nikaona nililitarajia. Jioni nilikuwa na XFAIL 19 na FAIL sifuri. Waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, ambao matokeo yao yalitangazwa, yakafutwa, yakapangwa upya madaraja mwaka uliofuata, hawahitaji kuelezwa hatua hii.

Hatua ya tano ni ile ya Kikuyu mbili, na hapa naomba utulie, maana ni tamu.

Nesi akishafika kazini hufungua mlango na kusubiri kupigiwa. Mlango una namba, na kwa mazoea ya watu wa GDB namba hiyo ni 2345. Unaandika gdbserver :2345 ./kisima, naye anakuambia programu imezaliwa na yeye anasikiliza mlango 2345. Daktari anabisha hapo. Sasa, jaribio likikatika katikati, labda umeme umeyumba au umebonyeza kitufe cha kusitisha kwa hasira, daktari huondoka lakini nesi anaweza kubaki. Hana habari. Yuko kwenye mlango wake, amemshikilia mgonjwa wa jana. Ukimleta nesi mpya mlango uleule, atakuambia una mtu. DejaGnu ya GDB inalijua hilo, inaongeza moja, inajaribu 2346, kisha 2347, hadi upatikane mlango mtupu. Mimi sikuiga huo utaratibu. Hati yangu ya majaribio ilimwita nesi mpya, nesi mpya akakuta mlango una mtu, akalalamika na kufa kimyakimya. Daktari hakujua. Alibisha 2345 kama kawaida, na mlango ukafunguliwa, kwa sababu kulikuwa na mtu: nesi wa wiki iliyopita, na mgonjwa wa wiki iliyopita, na kodi ya wiki iliyopita.

Kwa siku sita nilikuwa narekebisha programu, naendesha majaribio, yanapita. Nilibadilisha hesabu ya dakika za pampu, yakapita. Nikaifuta kabisa sehemu moja kwa bahati mbaya, yakapita. Niliporudisha sehemu hiyo, yakapita vilevile, na nikajiona fundi. Nilikuwa naita Kikuyu, na Kikuyu inaitika. Siku ya saba nilizima laptopu kwa sababu ya mvua ya radi. Nilipoiwasha, nesi wa zamani hakuwepo tena, na majaribio 31 kati ya 40 yakafeli kwa mpigo. Ukitaka amani ya siku sita, usimuulize aliyekufungulia mlango yeye ni nani na mgonjwa wake ameandikwa lini. Na usitumie lile chaguo la --once, linalomwambia nesi aondoke daktari wa kwanza anapoondoka, ameaga au hakuaga.

Kuhusu mlango huohuo: hauna kufuli. Kitabu cha GDB chenyewe kinaonya kwamba gdbserver haina ulinzi wowote wa ndani, anayebisha anapewa mgonjwa mzima, asome, abadilishe, amwendeshe atakavyo. Watu waangalifu huupitisha ndani ya njia ya SSH, wakamfungia nesi asikilize ndani ya nyumba tu. Mwongozo huu hauna nafasi ya watu hao.

Na kuna mashine za mbali zisizo na mlango kabisa, kwa hiyo niseme kidogo habari ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, maana kila aliyeko Kikuyu anaikumbuka. Mwaka 2024 tulikuwa tunanunua umeme tunapewa makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kuingiza kwanza, la tatu ndilo lenye uniti. Watu walilalamika vidole. Sababu ilikuwa kwamba tokeni za mita za malipo ya kabla za mfumo huo, kote duniani, zilikuwa zinabeba hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993 kwa namba ya biti 24, na namba hiyo ilikuwa ijae ikifika 16,777,216, yaani tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyobadilishwa ufunguo kabla ya hapo ingeanza kukataa tokeni halali. Ona mambo yalivyo. Mashine ziko ukutani kwenye nyumba za watu, hazina intaneti, hazina nesi, hazina mlango wa kubisha. Njia pekee ya kuzitibu ni mama wa nyumba kusimama kwenye kiti na kubonyeza tarakimu 20 anazosomewa na mtoto. Mtu wa mita akikosea hesabu ya mwisho wa siku, hana pa kujificha. Ndiyo maana mimi nilichagua fani ambayo mwisho wake unaweza kuandikwa XFAIL.

Hatua ya sita, na hii ndiyo nguzo: usikate waya. Jaribu yote, lakini kamwe usijaribu nini kinatokea mawasiliano yakikatika wakati mgonjwa amesimamishwa. Hakuna sababu ya kuwaza mabaya.

Nilikuwa nimeshaagizwa na mzee nitazame kwa nini pampu inawaka dakika moja zaidi. Usiku wa saa tatu nikaunganisha Kikuyu na Hombolo, nikaweka kituo kwenye mstari ambao programu inalinganisha dakika zilizopita na dakika zilizopangwa. Pampu ilikuwa imewashwa. Programu ikafika mstari huo, nesi akaisimamisha, akatuma ile $S05#b8 yake. Nikaiona kwenye kioo, nikafurahi, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe. Bando likaisha.

Fikiria kilichoko kule. Programu imeganda mguu juu, mstari mmoja kabla ya kuzima pampu. Pampu haidibagiwi, pampu ni chuma, imeambiwa waka na inawaka. Nesi yuko pembeni yake ameshika mkono. Daktari asipoaga vizuri, nesi wa aina hii hamwachii mgonjwa aende zake. Hungoja daktari apige tena. Ana nidhamu. Angengoja hadi Krismasi. Mimi nikasema bando nitanunua asubuhi, duka la wakala limefungwa, na hata hivyo majaribio ya mchana yalikuwa kijani. Nikalala usingizi mzuri sana.

Mzee alipiga saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku zote huanza na mbukwa, salamu ya Kigogo, kisha habari za nyumbani, kisha za mji, ndipo shida. Siku hiyo hakuanza na kitu.

"Kijana wangu, umeniwekea bwawa?"

"Shikamoo mzee."

"Hombolo tunalo bwawa. Lipo tangu mkoloni. Sikuomba la pili."

"Mzee, pampu..."

"Pampu inaimba hapa tangu jana. Simtanki limefurika, maji yameingia kwenye mistari, mbuzi wa jirani wanakunywa humu ndani kama wako kwao. Nimebonyeza hiyo kiberiti yako, haisemi kitu. Imekufa?"

"Haijakufa mzee. Imesimama."

"Imesimama inafanya nini?"

Nilitafuta neno la Kiswahili, nikatafuta la Kigogo nililofundishwa na mwenye genge, nikakosa yote mawili. "Inanisubiri mimi," nikasema.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia mbuzi. "Basi njoo," akasema, "uje na koleo."

Nilikwenda. Kuchepusha maji kwenye zabibu kwa koleo ni aina ya kudibagi ambayo haina majaribio ya kujiendesha, na saa nne asubuhi jua la Dodoma linakuwa limeshakuweka XFAIL. Mzee alinipa uji wa uwele, hakunisema tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kusemwa. Jioni nilipanda gari ya kurudi mjini, matope yamenifika magotini, nikiwa na orodha kichwani ya maswali ambayo hati yangu haikuwahi kuuliza. Daktari akipotea ghafla, nesi anamfanyia nini mgonjwa? Nesi akizimwa je? Pakiti ikifika nusu? Tarakimu za kuhakiki zikiwa za uongo kwa makusudi, anaikataa au anaila? Alama ya kusimamisha, ile baiti moja yenye thamani ya 3 inayotumwa peke yake bila dola wala reli, ikimkuta nesi yuko katikati ya jibu lingine? Na je, kuna kitu chochote nje ya programu, kifaa kidogo tu cha saa, cha kuizima pampu hata kama waandishi wote wa kodi wamelala?

Kwa kuwa huu ni mwongozo, na mwongozo lazima uwe na onyo la kiusalama mahali fulani, nalitoa hapa: yafuatayo usiyafanye nyumbani, hasa nyumba ya kupanga.

Nimetengeneza pacha. Kikompyuta cha pili, cha aina ileile, kiko chini ya meza yangu na pampu ndogo ya akwariamu, ndoo ya lita 20 na beseni. Modemu yake nimeiunganisha kupitia relei, na hati mpya ya majaribio ndiyo inayoishika relei hiyo. Inamwita nesi kwa mlango mpya kila mara, inamuuliza kwanza mgonjwa wake ameandikwa lini, inamwambia asimamishe programu pampu ikiwa inawaka, kisha, bila kuaga, inakata umeme wa modemu. Halafu inahesabu sekunde na kutazama kama pampu imezimika. Jaribio hilo nililiendesha kwa mara ya kwanza Jumamosi, nikatoka kidogo kununua vitumbua kwa mama wa kona. Kulikuwa na foleni, na stori ya treni ya umeme, nani ameipanda na nani anadanganya.

Niliporudi kioo kilikuwa chekundu. FAIL moja, kubwa, safi, ya kwanza ya kweli niliyowahi kuipata, na sikuwa na hamu hata kidogo ya kuibadilisha jina. Nilikuwa naisoma kwa furaha, miguu imelowa, nilipogundua kwamba miguu imelowa. Mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama kibarazani, kanga ameipandisha, anatazama maji yanayotoka chini ya mlango wangu kuelekea kwenye ngano yake iliyoanikwa.

"Baba," akasema taratibu, "na hii nayo ni kodi?"